Kaboni inayoganda kama kashata: kutafuta chanzo cha chokaa na kutu kwenye chujio la maji

Malalamiko karibu yote huanza na presha. Bomba lililokuwa likijaza ndoo ya lita 20 kwa dakika mbili sasa linachukua sita, pampu inanguruma bila kupumzika, na mtungi wa chujio ukifunguliwa, kaboni iliyopaswa kumiminika kama mchele inatoka kwa mabonge, imeshikana kama kashata. Hapo wengi hununua mfuko mpya. Miezi minne baadaye wako palepale, kwa sababu kilichoigandisha kaboni ya kwanza bado kinaingia na maji.

Mwongozo huu ni wa mitungi ya faiba yenye kaboni ya punje inayotumika Dar es Salaam majumbani, hotelini, kwenye zahanati na vituo vya kuuza maji. Chujio dogo la inchi 10 la chini ya sinki halihitaji maelezo mengi: kaboni yake ni gogo lililoshindiliwa, haliwezi kuoshwa kinyume, yaani kwa kurudisha maji nyuma, na likishika chokaa linatupwa.

Kaboni haikamati ugumu wa maji

Kaboni amilifu, iwe ya vifuu vya nazi au ya makaa ya mawe, kazi yake ni klorini, harufu, rangi na kemikali zitokanazo na viumbe na mimea. Kalsiamu na magnesiamu, ambazo ndizo huyafanya maji yawe magumu, hupita. Chumvi nayo hupita. Kwa hiyo kipimo cha TDS, yaani jumla ya madini na chumvi zilizoyeyuka, kikisoma 900 kabla ya mtungi na 900 baada yake, kaboni haijaharibika, ndivyo ilivyo. Aliyeuziwa chujio la kaboni tupu kwa ahadi ya kuondoa chumvi ya kisima cha Kigamboni ameuziwa maneno.

Chokaa huingia kwa mlango mwingine. Maji magumu huwa yameyeyusha kalsiamu pamoja na bikaboneti, na kinachozizuia zisigande ni kabonidioksidi iliyomo ndani ya maji. Maji yakipoteza hewa hiyo, yakipata joto, au pH yake (kipimo ambacho chini ya 7 ni asidi na juu yake ni magadi) ikipanda, kalsiamu kaboneti hutoka na kujibandika kwenye kitu kigumu kilicho karibu. Punje za kaboni, zenye uso wa kukwaruza na vishimo visivyohesabika, ni makazi mazuri kuliko ukuta laini wa bomba la plastiki. Na kaboni mpya huchochea jambo hilo yenyewe: majivu yaliyobaki ndani yake yana tabia ya magadi, hivyo maji ya kwanza kupita yanaweza kutoka na pH ya 9 hata 10. Kaboni ya makaa ya mawe mara nyingi huwa na majivu ya asilimia 8 hadi 15. Ile nzuri ya vifuu asilimia 3 hadi 5.

Tazama hesabu ya Langelier, ambayo huonyesha pH ambayo maji fulani hufikia ukomo wa kushikilia chokaa. Ukomo huo ni 9.3 + A + B − C − D, ambapo A ni (logi ya TDS − 1) ÷ 10, logi zote zikiwa za msingi wa 10. B ni 34.55 − 13.12 × logi ya (jotoridi + 273). C ni logi ya ugumu wa kalsiamu − 0.4; na D ni logi ya ualkali, ambao kwa maji ya kisima hasa ni ile bikaboneti. Ugumu na ualkali vyote huhesabiwa kama miligramu za kalsiamu kaboneti kwa lita. Chukua maji ya kisima yenye TDS 800, ugumu wa kalsiamu 300, ualkali 280 na jotoridi la nyuzi 28: ukomo wake ni takriban 7.0. Yakiwa na pH 7.4 yameuzidi kwa 0.4, na yataacha ukoga kwenye birika na kidogo kidogo kwenye kaboni. Maji hayohayo yakimiminwa juu ya kaboni mpya isiyooshwa, pH ikaruka hadi 9, yameuzidi kwa 2. Hapo chokaa haisubiri miezi. Hutoka siku ileile ya kujaza mtungi.

Chuma kina njia yake. Ardhini, kwenye maji yasiyo na oksijeni, huwa kimeyeyuka na hakionekani. Kikikutana na hewa hugeuka kutu, na uso wa kaboni huharakisha mgeuko huo. Manganizi hufanya vivyo hivyo lakini polepole zaidi, na huacha utando mweusi ambao juu ya kaboni nyeusi si rahisi kuuona.

Kwa mji huu swali la kwanza ni maji yametoka wapi. Maji ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, kutoka mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini ni ya mto: yana klorini, wakati wa masika mto hubeba udongo mwingi, lakini kwa ugumu kwa kawaida hayafikii ya visima vya pwani. Kisima kinachopita kwenye mwamba wa matumbawe, au jirani na chokaa ya Wazo ambayo ndiyo huchimbwa kwa ajili ya saruji, kinaweza kutoa maji magumu sana. Maji ya boza, yaani lori la maji, ni kitendawili. Leo ya bomba, kesho ya kisima cha mtu. Nyumba yenye tangi moja la chini linalopokea vyote vitatu haina kipimo kimoja cha maji, na majibu ya maabara ya mwaka jana hayaisaidii sana.

Kabla ya kufungua mtungi

Pima mambo haya siku moja, saa moja, na uyaandike pamoja:

- Presha kabla na baada ya mtungi, maji yakitembea. Geji mbili ni lazima; mfumo wenye geji moja hauwezi kuchunguzwa, unaweza tu kukisiwa.
- Kasi ya maji: sekunde za kujaza ndoo ya lita 20 kwenye koki iliyo baada ya mtungi.
- Ugumu, kwa kifaa cha matone. Chini ya miligramu 60 kwa lita ni maji laini. Zaidi ya 180 ni magumu sana.
- pH ya maji yanayoingia na yanayotoka, ikipimwa palepale bombani. Maji ya kisima yakikaa kwenye chupa nusu saa hupoteza hewa na pH hupanda, ukapata jibu la chupa badala ya jibu la kisima.
- Chuma: jaza chupa safi isiyo na rangi moja kwa moja toka kisimani, iache wazi usiku mzima. Yakitoka meupe na asubuhi yakawa ya rangi ya chai, chuma kilikuwa kimeyeyuka. Yakitoka ya kahawia tangu mwanzo, kutu tayari imeshaumbika na chujio la mchanga linaweza kuikamata.

Dalili: presha inashuka kwenye mtungi

Mtungi safi hula kama bar 0.1 hadi 0.3. Tofauti hiyo ikiongezeka kwa nusu bar, osha kinyume, ile ambayo mafundi huita bakiwoshi, kisha soma tena. Jibu la geji ndilo linalogawa njia.

Presha ikirudi kama ilivyokuwa siku ya kwanza, tatizo ni udongo na vumbi, si madini. Msimu wa masika hilo ni la kawaida. Weka chujio la mchanga mbele ya kaboni, au osha mara nyingi zaidi.

Ikirudi nusu, au ikirudi na kuanguka tena ndani ya siku mbili tatu, shuku mabonge. Lakini kwanza hakikisha uoshaji wenyewe ni wa kweli, maana makosa mengi yamelala hapa. Kaboni haina budi kuinuka na kutanuka kwa theluthi hadi nusu ya kina chake ili punje zisuguane na kumwaga uchafu. Kwa kaboni ya kawaida kwenye maji yetu ya vuguvugu hilo hutaka mwendo wa kama mita 25 hadi 30 kwa saa. Maji ya vuguvugu ni mepesi na huinua punje kidogo kuliko maji ya nchi za baridi, hivyo jedwali la kiwandani lililoandikwa kwa nyuzi 10 hudanganya. Kwa mtungi wa 1054, yaani upana wa inchi 10 na urefu wa inchi 54, hiyo ni lita 21 hadi 25 kwa dakika: bomba la kumwagia taka lijaze ndoo ya lita 20 kwa sekunde 48 hadi 57. Kwa mtungi wa 1354 ijae kwa sekunde 28 hadi 33. Dakika 10 hadi 15, au mpaka maji yawe safi.

Sasa angalia nyumba ambayo maji yake hushuka toka tangi la juu. Mnara wa mita 4 hutoa bar 0.4 tu. Kwa presha hiyo kichwa cha valvu kinageuka, kinalia, maji yanamwagika kwenye mtaro, na kaboni ndani haijatikisika hata kidogo. Uoshaji wa namna hii ni maigizo. Funga pampu, ama osha kwa kutumia pampu inayopandisha maji juu.

Iwapo presha haibadiliki kabisa baada ya kuosha vizuri, kaboni inaweza kuwa haina kosa: chunguza kikapu cha juu na kisambazaji cha chini, ambavyo maji hupitia kuingia na kutoka kwenye kaboni. Nyufa zake ni nyembamba kuliko unene wa kadi ya simu, na utando mdogo wa chokaa unatosha kuziziba. Sehemu hizi zinatolewa na kulowekwa kwenye siki usiku mmoja. Hakuna sababu ya kubadili kaboni kwa kosa la kikapu.

Dalili: mabonge, au punje zenye weupe

Chukua sampuli tatu: sentimita 10 za juu, katikati, na chini kabisa karibu na kisambazaji. Watu huchota ya juu, wakiiona nzuri hufunga mtungi. Punje iliyovikwa chokaa ni nzito. Kila uoshaji huinua zile safi na kuziacha zile nzito zikizama. Baada ya miezi kadhaa mabonge yote yako chini, mahali ambapo hakuna anayetazama.

Jaribio la siki ni rahisi, ila lina mtego. Kaboni kavu ikitiwa kwenye kitu chochote cha majimaji hutoa mapovu, kwa sababu hewa inafukuzwa kwenye vishimo vyake. Loweka kwanza punje kwenye maji kwa saa kadhaa, ugawe kwenye glasi mbili, moja ya maji na nyingine ya siki. Siki ikichemka na maji yakatulia, hiyo ni chokaa. Zote zikitulia, weupe huo ni kitu kingine, na asidi haitakusaidia.

Kiasi cha madini hujulikana kwa mizani. Kaboni mpya ya vifuu, ikiwa kavu, ina kilo 0.45 hadi 0.5 kwa lita. Pima lita moja ya kaboni yako na ulinganishe na lita moja ya mpya ya aina ileile. Kipimo bora zaidi: kausha gramu 100 kwenye oveni ya nyuzi 105 hadi 110, loweka kwenye asidi hidrokloriki ya asilimia 5 kwa saa moja, suuza, kausha tena, pima. Zikirudi gramu 88, ulikuwa na takriban asilimia 12 ya madini yanayoyeyuka. Chini ya asilimia 5 iache ifanye kazi. Kati ya 5 na 15 kuosha kwa asidi kunalipa. Zaidi ya 20 usipoteze asidi.

Halafu kuna chanzo ambacho ni cha hapa pwani zaidi: kokoto. Chini ya kaboni hukaa tabaka la kokoto za kushikilia kisambazaji, na fundi akikosa za kwazi (quartz, jiwe gumu lisilo na chokaa) hutumia zozote nyeupe zilizo karibu. Zikiwa za matumbawe, umeweka chokaa ndani ya chujio kwa mkono wako. Tone la siki juu ya kokoto kavu linatosha: ikichemka, irudishe ilikotoka.

Dalili: maji ya kuoshea yanatoka mekundu

Hiki ni chuma. Kwa kawaida hukaa juu ya kaboni, tofauti na chokaa, na hutoka kama matope ya rangi ya machungwa. Uoshaji wa kila siku mbili unaweza kukutuliza moyo, lakini kutu iliyoingia kwenye vishimo haitoki kwa maji.

Chuma kikizidi miligramu 0.3 kwa lita, kiondoe kabla ya kaboni. Njia ya bei nafuu ni hewa: maji ya kisima yadondoke toka juu kwa matundu ndani ya tangi la kwanza, yakae, kisha yapite kwenye mchanga. Gramu moja ya chuma huhitaji gramu 0.14 tu za oksijeni, kwa hiyo hewa si tatizo. Tatizo ni muda na pH. Chini ya pH 7 mgeuko huo ni wa kusuasua, na kutu hujiumbia ndani ya kaboni badala ya tangini. Ukitumia klorini badala ya hewa, weka miligramu 0.63 kwa kila miligramu ya chuma, na ziada kidogo. Kumbuka lakini kwamba kumwaga hewa kwenye maji magumu hufukuza kabonidioksidi na kupandisha pH: unatibu kutu, unaita chokaa. Ndiyo maana tangi la kwanza linatakiwa liwe na nafasi ya kutulia, na bomba la kutokea liwe sentimita 15 hadi 20 juu ya sakafu ya tangi.

Matope yakiwa ya kuteleza kama kamasi, na yenye mafuta-mafuta juu ya maji, ni bakteria wa chuma. Hao huanzia kisimani na matibabu yake ni ya kisima, si ya chujio.

Dalili: klorini inapita wakati kaboni bado changa

Anza na kasi. Mtungi wa 1054 hubeba kama lita 42 za kaboni, kilo 20 hivi. Maji yakipita kwa lita 5 kwa dakika yanakaa ndani zaidi ya dakika 8. Kwa lita 15 yanakaa chini ya dakika 3, ambayo kwa klorini inatosha kwa shida, na kwa harufu ya mimea haitoshi. Pampu mpya yenye nguvu zaidi imewahi kulaumiwa kidogo sana kuliko inavyostahili.

Kasi ikiwa sawa, shuku vichochoro. Bonge moja chini linaelekeza maji yote upande mmoja, hivyo nusu ya kaboni haiguswi kabisa. Huwa unaona presha nzuri na klorini inapita, vyote kwa pamoja. Presha mbaya pamoja na klorini kupita ni utando juu ya punje. Presha nzuri, hakuna mabonge, siki imetulia, na klorini inapita: kaboni imechoka, kwisha habari. Kuosha kwa asidi hutoa chokaa, hakurudishi uwezo uliokwisha liwa na harufu na kemikali.

Dalili: maji meupe kama tui baada ya kuweka kaboni mpya

Jaza glasi, tazama dakika moja. Weupe ukipanda na kuondoka kuanzia chini kwenda juu, ni hewa. Itaisha siku ile au kesho yake. Ukishuka na kutulia chini kama unga, ni chokaa iliyotolewa na pH ya kaboni mpya. Zima mtungi. Kila lita ya maji magumu unayopitisha kwa matumaini kwamba yatajisafisha inaongeza utando kwenye kaboni ambayo haijafanya kazi hata siku moja.

Dawa yake ni kutoitumia kaboni mpya na maji magumu. Iloweke saa 24 kwa maji ya mvua, ya mashine ya RO (ile inayochuja hadi chumvi) au, kwa uchache, ya DAWASA. Osha mpaka vumbi jeusi liishe. Endelea kupitisha maji laini mpaka tofauti ya pH ya kuingia na kutoka iwe chini ya 0.5. Muuzaji akikupa ile iliyooshwa kwa asidi kiwandani, hatua hii ni fupi. Unaponunua, Kariakoo au kwingine, uliza asilimia ya majivu pamoja na namba ya ayodini, ambayo hupima uwezo wa kaboni kunyonya. Wengi hutaja ayodini tu, nayo haisemi lolote kuhusu chokaa.

Kuosha kwa asidi

Toa kaboni mtungini. Kuoshea ndani ni mchezo mbaya: kilo moja ya chokaa hutoa karibu lita 250 za kabonidioksidi, na mtungi uliofungwa hauna mahali pa kuipeleka. Tumia pipa la plastiki la lita 200, nje, penye upepo. Pipa la chuma halifai. Vaa miwani na glovu za mpira. Jiki isiwe karibu: ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, na gesi hiyo huua.

Asidi hidrokloriki ndiyo bora kwa chokaa. Kilo moja ya chokaa hula takriban lita 2 za asidi ya asilimia 32. Kaboni kilo 20 yenye madini asilimia 10 ina kilo 2 za chokaa, hivyo lita 4, na moja ya akiba: jumla 5. Weka kwanza lita 40 za maji kwenye pipa, ndipo umimine asidi ndani ya maji, kamwe si kinyume chake. Utapata nguvu ya kama asilimia 4. Tia kaboni iliyoloweshwa, beseni moja baada ya jingine, ukisubiri povu litulie. Koroga kwa mti au bomba la plastiki. Pima pH kila nusu saa: ikipanda juu ya 4 ongeza nusu lita ya asidi, ikibaki chini ya 2 kwa nusu saa bila mapovu, kazi imekwisha.

Kwa maji ya kunywa nunua asidi ya daraja la chakula. Ile ya kusafishia vigae inaweza kubeba metali ambazo kaboni itazipokea kwa furaha na kuziachia baadaye.

Sitriki ni nzuri kwa kutu, kwa asilimia 2 hadi 4, usiku kucha. Kwa chokaa nyingi inakudanganya: kalsiamu sitreti haiyeyuki sana, hivyo unaondoa unga mweupe na kuweka unga mweupe mwingine. Asidi oksaliki, ambayo mafundi wengine huitumia kwa kutu, isiguse kaboni yenye chokaa. Kalsiamu oksaleti ni ngumu kuondoa kuliko chokaa yenyewe, na oksaliki ni sumu.

Suuza mara tano au sita, kila mara kwa maji ya kufunika kaboni yote. Kisha iache na maji usiku, upime pH asubuhi, maana asidi hutoka kwenye vishimo polepole. Asidi ya maji ya taka ivunjwe kwa magadi hadi pH 6 mpaka 9 kabla ya kumwagwa. Kila lita ya asidi iliyosalia inataka kama nusu kilo ya magadi safi ya soda. Yasimwagwe kwenye shimo la choo, yataua bakteria wanaolifanyia kazi. Na jambo moja ambalo husahaulika: kaboni yenye unyevu hunyonya oksijeni ya hewa. Kwenye tangi kubwa la kiwandani mtu asiingie kichwa hata kama linaonekana tupu na salama.

Kuzuia isirudi

Kwa maji ya DAWASA pekee, mpangilio ni mchanga, kaboni, kisha mashine ya kulainisha kama inahitajika kweli. Kaboni hutangulia kwa sababu klorini hula rezini, zile punje za plastiki ndani ya mashine ya kulainisha zinazokamata ugumu. Kwa kisima kigumu kisichotiwa klorini, geuza: mchanga au chujio la chuma, mashine ya kulainisha, ndipo kaboni. Kwa nyumba ya maji mchanganyiko, fuata maji magumu zaidi. Rezini itachakaa mapema kidogo, lakini ni nafuu kuliko kuchimbua mtungi kila robo mwaka.

Rezini lita 25 hukamata kama gramu 1,250 za ugumu kabla ya kuhitaji chumvi. Kwa maji ya ugumu 300 hiyo ni lita 4,100 hivi, halafu kilo 3 za chumvi. Weka saa ya valvu kwa lita 3,500 usisubiri ukomo.

Dawa ya kuzuia ukoga kwa ajili ya RO huingizwa baada ya kaboni. Ikiwekwa kabla, kaboni inaweza kuinywa, na bakteria wanapata chakula.

Tangi jeusi la plastiki juani hupasha maji, na maji ya moto hushikilia chokaa kidogo. Kivuli cha bati kinatosha. Klorini ya unga nayo, ile ya kalsiamu, huongeza kalsiamu na kupandisha pH kwa pamoja. Iyeyushe kwenye ndoo, iache itulie nusu saa, umimine maji ya juu tu na mashapo yabaki chini.

Andika geji mbili kila Jumatatu kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani kando ya mtungi, pamoja na asili ya maji ya wiki hiyo: bomba, kisima au boza. Kaboni ikiganda tena, karatasi hiyo itakuonyesha ni boza la wiki gani.